Gunia la Vipande Chini ya Meza

Julai ya Iringa si mwezi wa mtoto kuzaliwa kabla ya siku zake. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa alfajiri kipindi hicho unapenya sweta mbili ukakufikia mfupani. Asubuhi moja ya namna hiyo, mwaka 2014, mdogo wangu alijifungua mtoto wa kike mimba ikiwa ya miezi saba. Mzani ulisoma kilo 1.4. Niliruhusiwa kumwona mara moja tu. Kichwa chake kilikuwa kama chungwa, na ngozi yake nyembamba hata mishipa inaonekana, kama uzi wa bluu uliopita chini ya kitambaa chepesi.

Sista wa wodini alichungulia mlangoni akauliza, "Ndugu wa mama wa njiti ni akina nani? Mna kofia?"

Tulikuwa tumebeba kila kitu ambacho watu hubeba mtu anapokwenda kujifungua: beseni, khanga mpya, pamba, sabuni, chupa ya chai, uji kwenye hotipoti. Kofia tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mtoto aliyetimiza miezi, na alipovishwa ilishuka ikamfunika hadi puani. Shemeji akatumwa madukani, akarudi na nyingine ya ukubwa uleule. "Tafuteni ndogo," sista akasema, "huyu joto linampotea kichwani."

Nilirudi nyumbani Kihesa nusu natembea nusu nakimbia. Sikuwa na wazo lolote. Nilifika barazani, nikavuta kiti nikakaa mbele ya cherehani kwa mazoea tu, kwa sababu hapo ndipo ninapokaa nikiwa na jambo la kufikiri. Mguu ukagusa gunia.

Fundi yeyote analijua gunia hilo. Kila nguo inayokatwa huacha vipande: pembe za kitenge, mabaki ya tetroni za sare za shule, pindo za suruali zilizofupishwa. Tunavisukumia chini ya meza, vinangoja kuwa matambara, au kujazia mto, au kuwashia jiko siku mkaa umelowa. Langu lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Juu kabisa palikuwa na mikono ya fulana ya pamba. Mwenyewe alitaka ikatwe abaki na ya kwapa wazi. Mkono wa fulana tayari ni bomba. Nilikata kipande cha urefu wa kiganja, nikakunja pindo, nikafunga upande wa juu kwa mshono wa mviringo, nikapiga pasi. Dakika kumi hazikuisha. Niliikimbiza hospitali ikiwa bado na joto la pasi.

Ilimkaa sawasawa.

Siku ya tatu yule sista aliniita pembeni. "Dada, ile kofia umenunua wapi?" Nikamwambia nimeshona. "Unazo nyingine? Humu ndani wapo sita." Akanionyesha kupitia kioo: mmoja kavishwa kichwani soksi ya mtu mzima iliyokatwa kisigino, mwingine kazungushiwa bandeji, mwingine kafunikwa kona ya khanga ya mama yake. Usiku ule nilishona kofia sita.

Hapa inabidi nirudi nyuma, maana mtu anaweza kudhani nilikuwa mwanamke wa moyo mwepesi, anayetoa bila kuombwa. Sikuwa hivyo.

Nilipata kipaimara mwaka 1993, katika usharika wetu wa KKKT, kanisa la Kilutheri, nikiwa na miaka 15. Mchungaji aliponiwekea mikono nilijua kwamba Mungu ananitaka kazini kwake. Jinsi nilivyojua sijawahi kuweza kuieleza hata leo. Sikusikia sauti. Nilijua kama mtu anavyojua kwamba jina lililoitwa ni lake. Tangu siku hiyo nilijiona nimevaa gauni jeupe la uinjilisti, nimeshika Biblia, natembea vijiji vya Kilolo. Lakini mtihani wa kidato cha nne wa 1997 haukunivusha, ada ya chuo cha Biblia haikuwepo, na mama yangu mzazi akanifundisha kushona ili nisikae bure. Miaka ikaenda. Kila Jumapili nafasi za masomo zilipotangazwa baada ya ibada, nilitazama chini.

Mama alifariki 2009. Siku ya kugawa vitu vyake, wakubwa wa ukoo walikaa, kaka zangu wakapewa shamba na ng'ombe watatu, na mimi nikaambiwa, "Wewe mwenzetu una ufundi, chukua cherehani." Ilikuwa Singer ya miguu, kongwe kuliko mimi, rangi ya dhahabu imefutika ubavuni ambapo mkono wa mama ulikuwa unapita. Niliitikia kwa mdomo. Moyoni nilihesabu ng'ombe watatu, nikahesabu ekari, nikatazama kile chuma, nikaona nimedhulumiwa mbele ya watu wote.

Kinyongo hicho nilikaa nacho miaka mitano. Cherehani ilinilisha, ililipa kodi ya pango, ilinisomeshea watoto, na bado sikuipenda. Nilipokuwa nikifunga na kuomba Bwana anifungulie mlango wa kumtumikia, niliomba nimekaa kwenye kiti chake, viwiko juu ya meza yake. Nilikuwa naomba chombo huku nimekiegemea. Sikukiona, kwa kuwa sikuwa nimewahi kusema asante kwa ajili yake. Kitu usichokishukuru kinaweza kuwa mbele ya macho yako miaka mitano, ukakipita kila siku kama jiwe la njiani.

Zile kofia sita zilinipa furaha niliyokuwa nimeisahau tangu kipaimara. Ndipo nikafanya kosa ambalo nalisimulia kwa sababu naona wengi wakilifanya. Nilisema moyoni, sasa wito umefika, ngoja niuandalie mahali pa heshima. Nikatafuta kijana wa kompyuta anisaidie kuandika andiko. Tuliomba cherehani mbili za umeme, ovaloki, majora kumi ya pamba, na kodi ya chumba kwa mwaka mzima. Likachapishwa vizuri, likawekwa kwenye jalada, likapelekwa kwa wafadhili. Nikakaa kusubiri.

Kuanzia Agosti 2014 hadi Aprili mwaka uliofuata sikushona kofia hata moja. Sista alinipigia mara mbili. Nilimjibu kwa sauti ya mtu mwenye shughuli kubwa, "Tunasubiri vifaa." Gunia lilikuwa palepale chini ya meza, na nililifungua mara moja tu katika miezi hiyo, kutafuta kitambaa cha kufutia mafuta. Jibu la andiko halikuja.

Aliyenitoa hapo ni bibi mmoja wa usharikani kwetu, wala hajui.

Wenye makanisa kama letu wanaujua mnada wa Jumapili. Asiye na fedha huleta alichonacho nyumbani: debe la mahindi, boga, mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu. Vinawekwa mbele ya madhabahu pamoja na sadaka nyingine, vinaombewa, na ibada ikiisha mzee wa kanisa anasimama nje kunadi. Jumapili hiyo, muda mfupi baada ya Pasaka ya 2015, bibi alileta mayai matatu ndani ya pindo la khanga. Kabla ya kuyaweka aliomba nafasi ya kushukuru. Akapiga magoti kwa shida, mkono mmoja umeshika benchi, akasema, "Asante Bwana kwa kuku wangu. Alikaa muda bila kutaga, sasa amerudi. Haya ni ya kwanza, nimekuletea." Akainuka, akarudi kukaa.

Nje yale mayai yalinunuliwa, aliyenunua akayarudisha yanadiwe tena, yakanunuliwa na mwingine, naye akayarudisha, watu wakawa wanacheka na kupiga vigelegele. Mimi akili yangu ilibaki ndani, kwa bibi na kuku wake. Hakuomba apewe banda, wala kuku wa kisasa, ndipo aanze kumtolea Mungu. Kuku alirudi kutaga, akashukuru, akaleta. Hakukuwa na kitu katikati.

Nilifika nyumbani sikubadili hata nguo za kanisani. Niliweka mkono ubavuni mwa cherehani, pale rangi ilipofutika, nikasema asante. Nilimshukuru Mungu kwa mama. Nilimshukuru kwa baba mdogo aliyetamka nipewe ile cherehani, mtu ambaye nilikuwa namsalimia kwa ulimi tu. Nililia sana, nakiri. Jumatatu asubuhi nililimwaga gunia kwenye mkeka, nikachambua, nikashona hadi giza. Zilitoka kofia 31.

Wiki haijaisha, sista alinirudishia 11. Alizileta mwenyewe hadi barazani, zimekunjwa vizuri, na hakuwa na uso wa kulaumu. "Kamwene, dada." Nikaitika, nikamkaribisha kiti. Akachukua moja, akaigeuza ndani nje, akanisugulia mshono taratibu juu ya kope la jicho langu. "Hivyo ndivyo mtoto anavyosikia," akasema.

Nilikuwa nimeshona tetroni. Kitambaa cha sare ni kigumu, hakinyonyi jasho, na kingo zake zinakwaruza. Nilikuwa na furaha ya kutumia nilichonacho, sikujiuliza anayepokea ataonaje. Sista alinifundisha, nami nikaandika kwenye daftari: pamba ya fulana peke yake. Mshono ukae nje, usiguse ngozi. Lebo iondolewe. Kusiwe na kifungo wala utepe wa kufunga shingoni. Fulana zifuliwe kwa maji ya moto kabla ya kukatwa, zianikwe juani, zipigwe pasi pande zote mbili. Nina pasi ya mkaa, na huwa naikung'uta majivu mbali kabisa na nguo hizo.

Naomba nikazie hapa, maana wako watu wakisikia "mtolee Mungu ulichonacho" wanamletea walichokichoka. Nguo isiyovalika inapelekwa kwa yatima, dawa iliyobaki siku mbili iishe muda inapelekwa zahanati, halafu tunataka tushukuriwe. Nabii Malaki aliwakemea makuhani kwa kutoa madhabahuni mnyama kipofu na kilema. Aliwaambia wampelekee liwali wao mnyama kama huyo, waone kama atawapokea. Kipande cha gunia ni kipande, sawa, lakini kikitoka mkononi mwangu kiwe kimefuliwa, kimenyooshwa, na mshono wake umenyooka kama wa gauni la bibi harusi. Umaskini wa kitambaa haunipi ruhusa ya kushona vibaya.

Kupima nako kulinisumbua. Futi ninayo, lakini kichwa cha njiti huwezi kwenda kukipima ovyo, na pamba ya fulana inavutika. Sista akanipa vipimo: sentimita 26 kwa wadogo sana, 28 kwa wengi wao, 31 kwa wanaokaribia kilo mbili. Nikaenda Soko Kuu na futi shingoni, nikawa nazungushia machungwa hadi muuzaji akaniuliza kama namshonea chungwa nguo. Tangu siku hiyo meza yangu haikosi chungwa la sentimita 28. Kofia ikiisha naivisha chungwa. Ikikaza inafumuliwa, ikilegea inafumuliwa.

Nilipoendelea kupeleka, walinizoea, nikaruhusiwa siku moja kuingia nimevaa gauni la wodini, nikaona kofia inafanya kazi gani. Mtoto anabaki na nepi, kofia na soksi basi. Anawekwa wima kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kichwa kimegeuzwa upande ili apumue, kisha anafungwa hapo kwa kitenge, na mama anavaa nguo yake juu. Njiti hana mafuta mwilini ya kumtunzia joto, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, kwa hiyo kikiachwa wazi anapoa upesi. Kifua cha mama kinampa joto usiku na mchana, titi liko karibu, na mapigo ya moyo aliyoyazoea tumboni bado anayasikia. Wanaita kumbeba mtoto kwa njia ya kangaruu. Nilimwona baba mmoja, dereva wa bodaboda, koti lake la baridi limefungwa zipu hadi kidevuni na kofia yangu ya bluu imechungulia pale juu. Alimpokea mke wake ili naye alale kwa muda wa saa tatu. Hakuwa na aibu hata kidogo, nami nilimheshimu.

Sista alinisimulia ilikoanzia. Bogotá, mji mkuu wa Colombia, mwaka 1978, mwaka niliozaliwa mimi. Daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na wodi iliyojaa watoto na mashine za joto zisizotosha, hata zikawa zinalaza zaidi ya mtoto mmoja, maambukizi yanapita kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Akawaweka vifuani kwa mama zao. Mama walikuwepo siku zote, wamekaa nje ya vioo, wanangoja. Joto ambalo hospitali ilikuwa inalitafuta kwenye mashine lilikuwa kwenye benchi la wageni.

Niliposikia habari hiyo sikulala mapema. Kwa miaka mingi njia hii ilifikiriwa kuwa ya kungojea: kwanza mtoto atulie, apumue vizuri, ndipo awekwe kifuani. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, kwa watoto waliozaliwa na kilo 1 hadi pungufu kidogo ya 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri watulie, vifo vyao vilipungua kwa robo kuliko wenzao waliosubirishwa. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake. Nilizisoma habari hizo kwenye simu ya mwanangu, nikakumbuka "tunasubiri vifaa" yangu ya miezi minane, nikawakumbuka watoto waliopita wodini katika miezi hiyo. Sijui majina yao. Huwa nawaombea mama zao hadi leo.

Si kila kofia niliyopeleka ilirudi nyumbani na mtoto. Mwaka 2017 kulikuwa na mama wa mapacha, wote wadogo sana. Nilimkuta siku moja amekaa kwenye ngazi za nje na kofia moja mkononi, ya njano, anaikunja na kuikunjua. Nikajua. Nilikaa pembeni yake. Baada ya muda akasema, "Mama, hii nilitaka kukurudishia avae mwingine. Halafu nimeona siwezi. Naomba aende nayo." Nikamwambia ni yake. Akazikwa nayo.

Sikushona siku tatu. Nilimuuliza Mungu maswali ambayo sitayaandika hapa. Hakunijibu, au kama alinijibu sikusikia. Siku ya nne nilikumbuka yuko pacha wa pili, na uzito unaongezeka, na kofia ya kwanza itakuwa imeanza kumbana. Nikakaa nikashona ya ukubwa wa pili. Ndivyo nilivyorudi kazini, sikurudi kwa ufunuo.

Mwaka huohuo gunia liliisha. Nilifika chini kabisa, zikabaki pembe za vitenge. Jumatano moja kwenye jumuiya, ibada ya nyumba kwa nyumba, niliombwa kusoma neno, nikafungua habari ya mjane wa Wafalme wa Pili, sura ya 4. Mume amekufa, mdai amekuja kuchukua watoto wawe watumwa, na nabii Elisha anamuuliza ana nini nyumbani. Anajibu hana kitu ila chupa ya mafuta. Nilikuwa nimelisoma hilo mara nyingi na siku zote nilikuwa naitazama chupa. Jioni ile, nikisoma kwa sauti mbele ya watu kumi na wawili na taa ya sola, niliviona vyombo. Elisha alimtuma akaazime vyombo kwa majirani, vitupu, tena vingi. Mafuta yalikuwa yake, lakini utupu wa kuyapokea ulitoka kwa majirani. Na mafuta hayakukoma kwa sababu chupa iliisha. Yalikoma mwanawe aliposema, hakuna tena chombo.

Niliacha kusoma nikawaambia, "Mimi vyombo vitupu ninavyo, viko wodini, vinazaliwa kila wiki. Lakini chupa yangu imekauka. Nina cherehani, sina fulana." Sikupanga kusema. Kimya kikapita, kisha mama mmoja anayeuza mitumba pale sokoni akasema, "Mimi zinanibaki. Zenye matundu, zenye doa la wino, hakuna anayenunua. Naziuza kwa mafundi gereji." Fundi baiskeli akasema mkanda wa cherehani yangu ameuona umechakaa, atanikatia wa ngozi. Mzee mmoja ambaye hana lolote la kushona wala la kukata akasema atakuwa anakung'uta na kuanika, maana mchana yuko nyumbani na jua liko nyumbani kwake. Anafanya hivyo hadi sasa. Ukipita kwake Jumanne utakuta kamba imejaa fulana, naye amekaa chini yake na fimbo anafukuza kuku.

Kwa hiyo siwezi kusema nilitumia nilichonacho peke yangu. Cha kwangu kilikuwa cherehani na jioni mbili za wiki. Jumatano na Ijumaa baada ya saa kumi sipokei kazi ya mteja, hata ya harusi, na wateja wamenizoea. Siku zilizobaki nashona sare na magauni nilipwe, nipate kula. Nimeshaulizwa kwa nini nisiache kazi nyingine zote nimtumikie Mungu moja kwa moja. Huwa nashindwa kuelewa swali. Sare ya mtoto wa darasa la tatu ninaishona mbele za Mungu yuleyule.

Gauni jeupe la uinjilisti sikulivaa. Kuna kipindi hilo lilikuwa linauma, na kuna Jumapili bado linauma kidogo. Ndipo huwa namsoma Dorkasi wa Yafa, katika Matendo ya Mitume sura ya 9. Luka anamwita mwanafunzi, na hakuna neno moja la kinywa chake lililoandikwa. Hatujui alihubiri nini. Tunajua Petro alipopandishwa orofani wajane walikuwa wamesimama wakilia, wanamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa hai. Fundi mwenzangu yule. Najiuliza alikuwa anawapimaje, na mishono yake aliificha vipi.

Leo Ijumaa, saa kumi na mbili kasoro, jua linaondoka barazani. Macho yangu yameanza kukataa tundu la sindano, hasa mwanga ukipungua, lakini mtungaji ninaye. Ni yule wa kilo 1.4. Ana miaka 11 sasa, amerefuka kuliko rika lake, na shule ikifungwa mama yake humwachia aje kwangu. Kofia yake ya kwanza mama yake ameitunza ndani ya Biblia, imebanwa kama ua. Yeye hashtuki nayo hata kidogo, anasema ni ndogo mno, lazima ilikuwa ya mwanasesere.

"Mama mkubwa, lete," anasema, anaulowesha uzi kwa ulimi, anaupitisha mara moja. "Bado ngapi?"

Bado nne. Sista amepiga simu mchana, wamezaliwa watatu tangu jana, na mmoja hajafika kilo. Huyo wa chini ya kilo nimeshamshonea. Ninavisha chungwa kofia ya 28, linakaa vizuri. Chungwa lenyewe limeanza kunyauka na kupungua, halipimi tena sawasawa. Kesho nitachukua jingine sokoni. Hili nimemwambia alimenye, tukimaliza hizi nne tutagawana.